Kengele ya Raundi ya Sita

Mhariri hakuinua macho alipotoa habari hiyo.

"Ukurasa wako wa ndondi tunaufunga mwisho wa wiki hii, dada. Hausomwi. Mpira wa miguu umeumeza."

"Na mimi?"

"Wewe utahamia matangazo ya vifo. Huko wateja hawaishi." Alicheka peke yake. Kisha akaweka kalamu chini. "Labda uniletee Tingatinga."

Mwandishi alilijua jina hilo, kama alivyolijua kila mtu aliyewahi kuipenda ndondi. Tingatinga alikuwa bondia asiyerudi nyuma. Katika pambano lake kubwa kuliko yote alikuwa anaongoza hadi raundi ya sita. Mpinzani wake maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ghafla Tingatinga akashusha mikono, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kona yake kama mtu aliyemaliza kazi. Mpinzani akamfuata na kumtandika konde la shavuni. Tingatinga akaanguka, na mwamuzi akahesabu hadi mwisho. Tangu siku hiyo watu walisema ameuza pambano. Yeye hakukana wala hakukubali. Aliondoka kwenye ulingo na kwenye vinywa vya watu.

"Nimeelekezwa anakofanya kazi," mhariri alisema. "Ana duka la udobi na mkewe. Nenda ukamuulize nani alimhonga. Ukipata jibu, ukurasa unabaki. Kichwa cha habari ninacho tayari: 'Niliuza.'"

"Na kama hakuuza?"

"Basi kwa nini aligeuka?"

Mhariri aliuliza ili kumnyamazisha. Hata hivyo lilikuwa swali zuri, na mwandishi alikuwa mtu ambaye swali zuri likimwingia, chai yake hupoa mezani. Alikwenda kwenye maktaba ya sauti, akaomba kanda ya matangazo ya redio ya pambano lile, akaihamishia kwenye simu yake na kuisikiliza toka mwanzo.

Mtangazaji alipiga kelele kama aliyewekewa moto miguuni. "Amegeuka! Tingatinga amegeuka, jamani! Anakwenda wapi huyu?" Hakukuwa na jibu hapo. Jambo moja dogo tu lilimkera mwandishi. Kila kengele ya kumaliza raundi ilipolia, kulifuata makofi mawili mazito, pa, pa, kama mtu anayepiga mbao kwa kiganja. Alimuuliza mpiga picha mzee wa gazeti.

"Huyo ni kocha wake," mpiga picha alisema. "Alikuwa anaupiga ulingo kwa mkono. Mtu wa hasira yule. Sasa ni marehemu."

Mwandishi aliliweka jambo hilo kiporo.

*

Duka la dobi lilibanwa kati ya fundi wa funguo na duka la dawa. Ndani kulinuka wanga na mvuke. Mashati yaliyonyooshwa yalining'inia kwenye ukuta wa kulia, na mlango wenye kengele ndogo ulikuwa kushoto. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa makamo, pini mbili zikiwa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Risiti yako?"

"Sina nguo, mama. Nina maswali."

"Maswali hatufui hapa." Alizitoa pini mdomoni, akamtazama toka viatu hadi nywele. "Gazeti?"

"Gazeti."

"Mzee, umepata mgeni. Wengine walichoka zamani, huyu amechelewa." Akasukuma kigoda hadi upande wa kulia wa meza ya pasi. "Kaa hapo, mwanangu. Ukikaa kushoto kwake utazungumza na ukuta. Lile konde la mwisho liliondoka na sikio lake."

Tingatinga alikuwa na mwili mkubwa na mikono iliyotulia. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe.

"Mzee," mwandishi alianza, "kwa nini uligeuka?"

"Kola kwanza," alijibu. "Ukianza na mikono, kola inakununia."

"Nauliza habari za raundi ya sita."

"Nami nakujibu habari za shati."

Mkewe alicheka. "Unaona? Hata mimi ananijibu hivyo hivyo. Mtu umeolewa naye, lakini raundi ya sita unaisikia kwa majirani."

Mlango ukafunguliwa na kengele ikalia. Tingatinga akaisimamisha pasi papo hapo, akashusha mikono yote miwili, akageuka kulia. Aliyatazama mashati ukutani. Mteja alikuwa amesimama kushoto. Mke akaipiga meza ya pasi kwa kiganja mara mbili, pa, pa, kisha akaonyesha kwa kidevu. "Mlangoni, mzee."

Walifanya hivyo bila kutazamana, kama watu waliozoea. Mteja mwingine alipokuja, mambo yakawa yale yale: kengele, mikono chini, macho kwenye mashati, pa, pa.

"Mama," mwandishi aliuliza, "mbona unaipiga meza?"

"Nikimwita hajui naita kutoka wapi. Nikipiga meza anasikia kwa mikono. Baba yangu naye alikuwa akipiga meza akitaka jambo. Nadhani nimerithi."

"Baba yako alikuwa nani?"

"Kocha wake. Unadhani mimi na huyu tulikutana wapi, maktaba?"

Mwandishi aliaga upesi hata akasahau mwavuli wake.

*

Safari hii mwandishi aliirudia kanda bila kumsikiliza mtangazaji. Alivaa visikizi, akafumba macho na kusikiliza chini ya sauti yake. Raundi ya kwanza: kengele, pa, pa. Ya pili vivyo hivyo. Zote hadi ya tano zilikuwa hivyo. Katika raundi ya sita, kabla tu mtangazaji hajapaza sauti, kengele ililia. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, karibu izame kwenye kelele. Haikufuatwa na makofi. Ililia tena Tingatinga akiwa tayari sakafuni, na sasa ilikuwa mbali zaidi.

Ilikuwa kengele ya baiskeli. Mtu alikuwa akipita nje ya ukumbi. Ukumbi mzima uliisikia na hakuna aliyeijali, kwa kuwa kila mwenye masikio mawili alijua imetoka barabarani.

Mwandishi akavua visikizi. Konde lilikuja baada ya kengele. Kwa hiyo sikio halikuuawa na konde. Lilikuwa limekwisha kufa.

*

Asubuhi iliyofuata alipiga moyo konde na kuiweka simu juu ya kaunta. Ilikuwa siku ya mwisho aliyopewa. Tingatinga aliinamisha sikio lake la kulia. Alikuwa hajawahi kuisikia kanda hiyo. Kengele ilipolia alishika ukingo wa kaunta.

"Ndiyo hiyo," alisema polepole. "Miaka yote hii nilidhani labda niliota."

Mkewe hakuwa anaitazama simu. "Sikio lako lilikufa lini?"

Mzee alikohoa. "Kabla ya harusi."

"Kabla ya harusi! Yaani niliolewa na sikio moja, nikaambiwa ni mawili?"

"Ulikuwa unazungumza vya kutosha. Moja lilinitosha."

Mkewe hakucheka. "Na baba alijua?"

Pasi ilitoa mvuke. Tingatinga aliizima.

"Alijua. Ndiye aliyebuni makofi. Ukumbini sikujua sauti inatoka wapi, basi kengele ya mwisho wa raundi ikilia, yeye anapiga mbao na mimi nasikia kwa nyayo. Tulikubaliana: bila makofi, mikono haishuki. Siku ile nilikuwa nashinda. Niliona mkanda wa ubingwa kabla ya kuuvaa. Kengele ikalia, sikusubiri."

"Kwa nini hukusema, mzee?" mwandishi aliuliza.

"Bondia asiyesikia haruhusiwi kupanda ulingoni, na kocha anayempandisha hufungiwa. Vijana wengi walikuwa wanamtegemea. Tena alikuwa mkwe wangu."

"Akakuacha uitwe mwizi," mkewe alisema. "Nami nikaitwa mke wa mwizi sokoni, kisha narudi nyumbani namwandalia baba huyo huyo chakula."

"Alitaka kusema. Nilimkataza."

"Kweli, au unamfunika?"

Tingatinga alilishika shati lililokuwa mezani na kuipapasa kola kwa kiganja, ingawa ilikuwa imenyooka zamani.

Mwandishi aliichukua simu yake. Aliyaona matangazo ya vifo yakimsubiri, safu kwa safu. "Msipotaka, siandiki," alisema.

"Usiandike," mzee alisema. "Marehemu hawezi kujibu."

"Wewe ulikuwa hai na hukujibu," mkewe alimwambia. Alizunguka kaunta, akasimama upande wake wa kulia. "Nilipokuwa msichana nilikuwa nakaa nyuma ya ile kona. Kila akipiga mbao nilidhani ana hasira. Kumbe alikuwa anazungumza na wewe." Alifuta uso kwa taulo la mteja, akaligundua, akalitupa kwenye kapu la nguo chafu. "Andika, mwanangu. Andika sikio na uandike makofi. Usimpambe baba yangu, wala usimzike mara ya pili."

Mwandishi alimtazama mzee. Mzee aliliweka shati mezani, akaitikia kwa kichwa.

"Na kengele," alisema. "Usiisahau kengele."

*

"Nani alimhonga?" mhariri aliuliza.

"Hakuna."

"Basi hakuna ukurasa."

Mwandishi hakubishana. Alimpa visikizi. "Sikiliza chini ya sauti ya mtangazaji."

Mhariri alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye koti. Halafu akavuta kiti.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Hii si ya ulingoni. Ni ya baiskeli. Iko nje."

"Umejuaje?"

"Inasikika tu."

"Kwako."

Mhariri aligusa sikio lake la kushoto. Akasikiliza tena, kisha mara nyingine, huku mwandishi akimweleza habari za nyayo, mbao na kocha. Alipomaliza, mhariri aliitafuta karatasi yenye kichwa chake cha habari, akakikata kwa mstari mmoja.

"Unahitaji nafasi kiasi gani?"

"Ukurasa mzima."

"Chukua. Na wiki ijayo tutaona utaandika nini." Alivua kisikizi kimoja. "Lakini niambie, huyo mwenye baiskeli alikuwa nani? Alikuwa anakwenda wapi?"

"Sijui," mwandishi alisema, na tayari alikuwa anatafuta kalamu.