Dawa ya Wifi

Sakeena alipoingia alikuta viatu vya wageni vimejaa mlangoni, theluji ya kwenye soli ikiyeyukia magazeti yaliyotandikwa chini. Kabla hajavua koti, sauti ya mama yake ilimfikia kutoka sebuleni.

"Huyo, amekuja mwenyewe. Msifieni nyinyi sasa, mimi nimechoka."

Waliokaa na mama yake, Bi Sughra, walikuwa Bi Gulzar na binti yake Zarina, majirani wanaosali nao msikiti wa mtaa wa Bathurst. Walikuja kumtazama mzazi. Mzazi mwenyewe, Shahnaz, mke wa kaka yake Sakeena, alikuwa ameegemea mito, mtoto mapajani. Arobaini yake ilikuwa haijaisha, na joto la nyumba lilikuwa limepandishwa mpaka madirisha yanatoka jasho.

"Digrii yote hiyo," Bi Gulzar alisema, "na bado akaenda kumwokotea wifi yake dawa chini ya miti. Huyu Zarina wangu hata chai hanipikii."

"Napika, Mama. Wewe ndiye huinywi," alisema Zarina.

Sakeena alitabasamu bila kuelewa. Kisha akaziona chupa zake mezani.

Zilikuwa chupa mbili za achari, midomo yake imefungwa kitambaa chepesi. Ndani, juu ya mchanga wenye unyevu, kulikuwa na vinundu vya duara, vikubwa kidogo kuliko njegere. Alivichuma katika bustani ya High Park wakati majani yanaanguka, kutoka migongoni mwa majani ya mwaloni. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama hutaga yai ndani ya jani. Jani nalo huvimba, likamjengea mtoto wa nyigu nyumba ambayo kuta zake ndizo chakula chake. Anayetaka kumwona akitoka hana budi kuviacha vinundu kwenye baridi mpaka majira yageuke. Ndiyo maana Sakeena aliviweka roshani. Mtaalamu mmoja wa wadudu alikuwa amemwambia kwamba akimletea nyigu aliowakuza mwenyewe, watazungumza juu ya nafasi ya kusoma. Tangu atoke Dar es Salaam na shahada yake ya zuolojia, hakuna mtu mwingine aliyempa neno la matumaini katika mji huu.

Lakini Bi Sughra, aliyekuja kutoka Tanga kumlea mkwe wake, alikuwa ameona kitu kingine, akaziingiza chupa ndani. Kwao vinundu vikavu kama hivyo huuzwa katika maduka ya dawa za kienyeji. Wanawake huviponda, wakavichemsha, na mzazi akaogea maji yake.

"Nilidhani hajali," Bi Sughra aliwaambia wageni. "Kutwa yuko nje, akirudi anajifungia. Nikasema moyoni, huyu keshakuwa wa huku. Kumbe."

Hiyo "kumbe" ilimchoma Sakeena, kwa sababu mama yake alikuwa amemjua vizuri tangu mwanzo. Tangu mtoto azaliwe hakuwa amemfulia hata nepi moja. Akirudi nyumbani alipita mbele ya Shahnaz, akaenda moja kwa moja roshani kutazama mchanga wake usikauke.

Alimwangalia Shahnaz. Shahnaz alijua. Ndiye aliyekuwa akizikwepa chupa hizo alipokwenda kuanika nguo, tumbo likiwa kubwa, na siku moja aliuliza ni za nini, akajibiwa kwa kifupi kama anayefukuzwa. Sasa alikuwa akimfunga mtoto shali ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Sema, Sakeena alijiambia. Mdomo wake ukasema, "Si kitu, Mama. Ni wifi yangu."

Bi Sughra akamimina chupa ya kwanza kwenye kinu kidogo cha iliki na kuanza kuponda. Sakeena alisikia vinundu vikipasuka kimoja kimoja. Aliketi akabana mikono katikati ya magoti.

Mchi ulisimama.

"Zarina, mwanangu, hebu nitazamie. Hiki nini?"

Zarina aliinama. "Funza. Na yu hai, anajikunja."

"Si mmoja," alisema Bi Gulzar, akivuta mtandio puani.

Bi Sughra alikifunika kinu kwa kiganja. "Mnisamehe, jamani. Mtoto hajui kuchagua, mimi ndiye niliyepaswa kutazama. Macho yamezeeka. Nusura nimwogeshe mkwe wangu uozo, tena mbele ya wageni." Akacheka kidogo, peke yake.

Sakeena aliuona mkono ule, uliokuwa ukificha aibu isiyokuwa ya mama yake.

"Havikuoza, Mama," alisema. "Hao funza ndio ninaowafuga."

"Unafuga funza?"

"Ni watoto wa nyigu. Nilivichuma kwa ajili ya masomo yangu. Sikumchumia Shahnaz. Sikumfikiria kabisa. Nimekaa hapa nikakusikia ukinisifu, nikanyamaza."

Bi Gulzar alikumbuka basi lao, na wote wakakiheshimu kisingizio hicho mpaka mlango ulipofungwa. Chai yao ilibaki vikombeni.

Bi Sughra alibeba kinu. Alipofika mlango wa jikoni alisema bila kugeuka, "Ungeniambia ulipoingia, nisingewaponda."

Sakeena alisikia maji yakifunguliwa.

"Nilikuwa nangoja nione utasema saa ngapi," alisema Shahnaz.

"Nisamehe, wifi."

"Hiyo chupa nyingine inapata joto. Irudishe nje."

"Iache tu."

"Irudishe, nasema. Mimi na tumbo langu nimeiruka miezi yote ile, leo ndiyo ife? Halafu unawe mikono uje unishikie huyu. Nataka kuoga."

Aliirudisha chupa roshani, akaisukuma ukutani, pasipofikiwa na jua. Hakujua kama joto la sebuleni lilikuwa limeshawaharibu waliobaki. Akanawa kwa maji ya moto mpaka vidole vikaacha kuwa baridi.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mara tu maji ya bafuni yaliposikika, akaanza kulia. Sakeena alimtikisa, akamhamishia bega lingine, na kilio kikazidi. Ilimbidi asimame kwenye mlango wa bafu na kuuliza, kwa sauti ambayo mama yake kule jikoni aliisikia, mtoto huyu anapenda kubebwaje.