Mtungi Uliovaa Kitambaa

"Shule hii," alitangaza Mwalimu Mkuu Tarsis, kwa sauti ya mtu anayezindua daraja, "haiogopi moto. Moto ndio unaoiogopa shule hii! Leo tunakaguliwa na Zimamoto, na ninasema mbele yenu, mbele ya walimu na mbele ya bendera ya taifa, kwamba kila kifaa cha dharura katika majengo yetu kipo, ni kizima, na kiko tayari kwa vita."

Wasichana wakapiga makofi. Paka wa jikoni, ambaye hakupewa taarifa, alikuwa wakati huohuo amechuchumaa juu ya ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, akimaliza haja zake kwa utulivu mkubwa.

Nasma wa kidato cha tatu alimwona paka huyo kutoka mstari wa nyuma, na siku nyingine angekuwa wa kwanza kuangua kicheko. Leo hakucheka. Alikuwa anaujua mtungi mmoja wa kuzimia moto, ule wa bweni la ghorofa ya pili, ambao haukuwa tayari kwa vita wala kwa ugomvi wa watoto. Ulikuwa mtupu kama tumbo la mfungaji kabla ya futari, na aliyeumaliza ni yeye.

Ilikuwa hivi. Shule yao ya bweni ilibanwa kati ya maduka ya vitenge na maduka ya ndoo za plastiki, ukitoka Mnazi Mmoja kuelekea sokoni Kariakoo. Kama shule zote za bweni, ilikuwa na sheria za aina mbili: za mwalimu mkuu, zilizobandikwa ukutani, na za wanafunzi, zilizofuatwa. Sheria kuu ya wanafunzi ilisema kwamba mwenye siku yake ya kuzaliwa lazima amwagiwe. Maji, unga, na yai viza likipatikana. Siku ya Selina ilipofika, wiki iliyopita, maji yalikuwa yamekatika na mpishi ameufungia unga kwa kufuli. Kumwacha Selina mkavu kungekuwa kuwavunjia heshima wazazi waliomzaa. Nasma akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye mtungi.

Akavuta pini. Alitegemea kitatoka kidogo tu, kama pafyumu. Likatoka wingu jeupe la poda, bweni zima likapotea, na Selina alipoonekana tena alikuwa kama andazi lililosahaulika kwenye sinia la unga. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakafagia, wakarudisha pini, wakaurudisha mtungi kwenye kigoda chake na kuuvalisha kitambaa.

Ndiyo, kitambaa. Matroni wao, Mama Euphrasia, mwenyeji wa Rombo, hakuwa mtu wa kuona kitu kizuri kikikaa uchi. Alishafuma vitambaa vya makochi ya ofisini na vya redio. Mitungi miwili ya kuzimia moto ilipoletwa, myekundu, inang'aa, akaifumia nayo: vitambaa vyeupe vyenye maua ya waridi pembeni. Vilishuka kutoka shingoni hadi chini, vikaizuia mitungi kupata vumbi. Vikaficha pia kile kidude chenye mshale kinachoonyesha kama mtungi umejaa au umeisha. Kwa hiyo hakuna aliyejua, na Nasma aliihesabu kazi ile miongoni mwa kazi zake safi kabisa.

Mpaka leo mstarini, Mwalimu Tarsis alipoendelea: "Na dhamana ya vifaa vyote ni ya matroni. Mama Euphrasia, kikipatikana hata kimoja kibovu, leo hii unanikabidhi funguo na kwenda kwenu. Sitanii."

Kweli hakuwa mtu wa utani. Mwaka jana mlinzi alifukuzwa kwa kusinzia. Mama Euphrasia akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," huku akitabasamu, maana kwa imani yake mitungi ile ilikuwa imependeza kuliko bwana harusi.

"Umekwisha," Selina alimnong'oneza Nasma.

"Anayekwisha ni mama wa watu."

"Basi kaseme."

"Nikamwambie nani, Tarsis? Heri nikauambie moto wenyewe." Nasma alitafakari kidogo. "Nina mpango."

"Jamani! Mpango wako wa mwisho nimeutoa masikioni siku nne."

Mpango ulikuwa mwepesi. Mkaguzi angeanza ghorofa ya kwanza, auone mtungi mzima. Akitoka bwenini, Selina angempandisha kwa ngazi za mbele, taratibu, huku akimwuliza maswali. Nasma angeuchukua mtungi uleule, apande mbio kwa ngazi za nyuma, auweke juu badala ya ule mtupu. Mtungi mmoja ungekaguliwa mara mbili, na taifa lisingepata hasara yoyote.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti nzito, Afande Jovitha. "Shikamoo, afande!" waliimba wasichana. "Marahaba, wanangu." Ghorofa ya kwanza alifunua kitambaa, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Huyu kapambwa kuliko mimi siku ya harusi yangu! Nani fundi?"

"Ni mimi, afande," alisema Mama Euphrasia kwa haya.

"Mshale uko kwenye kijani. Mzima huu." Akatoka nje na msafara wake, Mwalimu Tarsis akitanguliza kifua.

Selina akajitosa. "Afande, samahani. Eti mafuta ya kukaangia yakishika moto, unamwagia maji?"

"Weee, usithubutu! Zima jiko, funika sufuria na mfuniko wake, kaa mbali."

Nasma aliukumbatia mtungi, kitambaa na vyote, akazikimbilia ngazi za nyuma. Zilikuwa zimejaa mabeseni na kanga zilizoanikwa. Alikuwa katikati, anavuka beseni la soksi zilizolowekwa, aliposikia buti chini yake. Buti zilikuwa zinapanda.

Nasma alikuwa amefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba ngazi za nyuma ndizo ngazi za dharura, na kwamba mkaguzi wa Zimamoto akifika jengo lolote hupenda kuziona hizo kabla ya kitu kingine.

"Binti," alisema Afande Jovitha, akisogeza kanga iliyolowa usoni pake, "unampeleka wapi mtoto?"

"Unapunga upepo, afande. Kule ndani kuna joto."

"Na kitambaa hujamvua?"

"Una... kifua, afande."

"Pole yake. Twende naye juu, akamsalimie ndugu yake."

Bwenini juu, Afande Jovitha aliinua mtungi wa pili kwa kidole kimoja. Alifunua kitambaa. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Hakucheka safari hii.

"Huu umeisha. Usiku moto ukiwaka humu, watoto arobaini wana nini?"

Mwalimu Tarsis hakumtazama hata Nasma. Alimgeukia matroni. "Kumbe! Unamtuma mwanafunzi ahamishe mitungi kufunika uzembe wako?"

"Sikumtuma, mwalimu. Haki ya Mungu." Mama Euphrasia alikuwa ameushika mtungi mtupu kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta joto kwenye paji la uso la mgonjwa. "Ila kama umeisha, nimekosa mimi. Niliufunika. Labda ulikosa hewa, ukanyauka."

"Mama, mtungi haunyauki," alisema afande kwa upole. "Ila mshale lazima uonekane kila siku. Kitambaa chako kimeuficha."

"Funguo," alisema Mwalimu Tarsis.

Mama Euphrasia hakubisha. Akaanza kufungua fundo la kanga kiunoni, alikofungia funguo.

Nasma alikuwa na uongo wa kutosha mdomoni: kulikuwa na wa panya, na wa fundi wa umeme aliyekuja juzi. Akaumeza wote.

"Mwalimu, ni mimi. Nilivuta pini mwenyewe."

"Kunyamaza huwezi? Wewe umetumwa."

"Sijatumwa. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzangu, maji hayakuwepo, nikammwagia mtungi wote. Mama hakujua, hakuwepo. Na leo niliuhamisha huu mzima ili afande adanganyike."

Afande Jovitha alimtazama. "Uliposikia mama huyu atafukuzwa, mbona hukusema palepale mstarini?"

"Niliogopa, afande."

"Na siku ile ulipoumwaga?"

Nasma aliangalia chini, kwenye buti. "Siku ile sikuogopa. Nilicheka."