Maji ya Kumzamisha Sajini

Kitabu cha saba kilifika Kismayo Jumatatu, na kufikia Alhamisi hapakuwa na mtu aliyemsalimu Shamsa bila kumkunjia uso kwanza. Muuza samaki alimfungia changu wake pasipo neno. Jirani yake Iman, asiyejua kusoma ila husomewa na bintiye, alimsimamia mlangoni akamwambia, "Nami nilikudhani mchu mwema."

Kosa lake lilikuwa moja tu. Alimuua Sajini Mukhtar.

Shamsa alikuwa mshonaji wa mabuibui. Ushonaji alijifunza ukimbizini Mombasa; kuandika hadithi za upelelezi kulimjia baada ya talaka, kama upele. Kila mwaka kitabu kimoja, kikichapishwa Mombasa na mpwawe Hanan, kikipakiwa chomboni kupitia Kiunga na Ras Kamboni, kikisambaa visiwani mpaka Kismayo. Shujaa wake, Sajini Mukhtar, alikuwa askari mstaafu, mnene, mbishi, mwoga wa kuku, aliyewakamata wauaji kwa sababu hakuwa na adabu ya kuacha kuuliza. Wasomaji walimpenda kuliko walivyowapenda wakwe zao.

Katika kitabu hiki cha mwisho, Sajini anamfukuza muuaji kwenye kivuko cha kisiwa cha Chovae, muuaji anawahi kisiwa kidogo cha ng'ambo, maji yanamfunika Sajini, kofia yake inabaki ikielea. Basi. Ukurasa unaofuata ni mtupu.

Simu ya Shamsa haikutulia. Abdisalam, aliyeko Oslo, alituma sauti ya dakika kumi na moja, nne za mwanzo akihema tu. Marwa wa Mombasa aliandika kwamba amekichana kitabu vipande vipande, kisha akauliza kama kuna nakala nyingine, maana alikichana kabla hajamaliza. Hata Ustadhi Idarus, ambaye mwaka mzima huwaambia watu kwamba hadithi ni upuuzi wa kupoteza umri, alimtumia maneno machache: "Kwa nini, binti yangu?"

Sababu ya kweli Shamsa hakumwambia mtu. Sababu ilikuwa Yusuf.

Yusuf alikuwa mumewe wa zamani, muuza kamba na nyavu karibu na soko. Kitabu cha kwanza kilipotoka, Yusuf aliliona tumbo lile, ubishi ule na woga ule wa kuku, akajijua. Yeye mwenyewe aliwahi kupanda juu ya kabati kwa ajili ya jogoo. Mwanamume mwingine angeona haya. Yusuf alinunua kofia. Miaka sita alikaa mkahawani akiitwa Sajini, akiletewa kesi za mbuzi waliopotea, akihoji watu huku amefumba jicho moja. Na kila alipokutana na Shamsa mbele za watu alisema, "Huyu ndiye mwandishi wangu." Neno hilo "wangu" ndilo lililomuua Sajini.

Alhamisi hiyo alasiri Yusuf akaja dukani. Hakuvaa kofia.

"Watu wananipa makiwa, kama nimefiwa," alisema. "Sokoni. Mbele ya wateja."

"Nawe unawajibu nini?"

"Nawaambia yamepita. Ningewajibu nini?" Akakaa bila kukaribishwa. "Shamsa, mimi najua kuogelea. Umemzamisha mtu anayejua kuogelea."

"Yeye hajui. Ndiyo tofauti yenu."

"Ungenipiga risasi," Yusuf akasema. "Risasi ina heshima."

Shamsa alikuwa akitia uzi cherehanini simu ilipolia. Ni Fardowsa, wa Chovae, ambaye husomea wanawake vitabu vyake wanaposuka mikeka. Alisema wamekaa matanga ya Sajini siku mbili, na wasingekuwa na neno, ila mzee wa pale, Bi Zakiya, amekataa maiti.

"Amekataa vipi?"

"Umeandika tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo, saa nne asubuhi. Bi Zakiya asema siku hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na saa hiyo yamekupwa. Hapo kwenye kivuko hata paka hafi maji. Asema uje uone. Keshokutwa ndiyo kumi na tano."

Maneno yale yalimuuma Shamsa kuliko matusi yote ya juma lile. Chovae ndiko alikozaliwa. Alitoka ana miaka saba, mwaka ule wa vita, na kivuko kile alikiandika kwa kukikumbuka: mabega ya babake, na maji yakimfika baba kifuani. Kuambiwa hajui maji ya kwao ni sawa na kuambiwa hamjui mamake.

Alikwenda. Yusuf naye alikwenda, bila kualikwa, na kofia yake ameivaa, akidai kwamba mwenye kufa ndiye yeye na ana haki ya kuhudhuria.

Walifika kivukoni saa nne kasoro. Kisiwa karibu kizima kilikuwa pale, wengine na vyakula. Upande wa pili palikuwa na kile kisiwa kidogo kisicho na watu alikokimbilia muuaji, na katikati, kama Bi Zakiya alivyosema, mchanga na matope na ukanda wa maji usiotisha mtoto. Bi Zakiya, mwembamba, mama wa wavuvi watano, alielekeza kwa fimbo.

Yusuf akakunja kikoi, akaingia. Katikati maji yalimfika magoti. Akasimama, akawageukia watu, akavua kofia na kuinama kama bwana arusi. Vigelegele vikapigwa.

"Sajini yu hai," Fardowsa akasema, kama anayetoa hukumu. "Basi aandike tena."

Shamsa alimfuata Yusuf majini. Alitembea mpaka pale pa katikati, akasimama, maji yakimzunguka magotini, akahisi aibu ambayo haikuhusu kitabu tena. Bi Zakiya alikuja nyuma yake polepole.

"Nakumbuka yalimfika baba kifuani," Shamsa akasema. "Nilikuwa mabegani. Naapa, Bi Zakiya."

"Yalimfika. Nilikuwa nyuma yenu, na ndoo kichwani." Mzee akachovya fimbo. "Siku ile tulivuka saa kumi jioni, bamvua limejaa, kwa sababu waliokuwa nyuma yetu na bunduki hawakutupa hiari ya kungoja. Maji hukuyakosea, mwanangu. Umekosea saa."

Miaka yote Shamsa hakuwahi kumpata mtu wa kumuuliza. Babake alifia kambini kabla Shamsa hajafikisha umri wa kuuliza. Alilia kidogo, pale pale, na Bi Zakiya akatazama upande mwingine kwa adabu.

Kisha Shamsa akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Saa kumi jioni," akasema.

"Saa kumi."

"Na saa kumi, mtu mnene asiyejua kuogelea?"

Bi Zakiya aliona mtego alioutega mwenyewe. Alitazama kivuko huku na huko, akapima kwa macho. Alikuwa mama wa wavuvi, na kuhusu maji hakuwahi kusema uongo. "Anakufa," akakubali. "Hakosi kufa."

Ufukweni watu waliguna mguno mmoja mrefu. Mtu mmoja akasema Bi Zakiya kahongwa.

Yusuf alirudi akiburura miguu. "Kwa hiyo mmekwisha kunizika," alisema.

"Sijakuzika wewe," Shamsa akamjibu. "Wewe nilikwisha kuachana nawe. Nimemzika yule, ili nikikuona njiani nikusalimu Yusuf, si Sajini. Jina lako umelisahau."

Yusuf akaitazama kofia mkononi. Hakuitupa, aliitia kwapani, kama mtu aliyebeba mkate.

Chakula kilipakuliwa, wali na papa mkavu. Walipokwisha kula, Fardowsa, aliyekuwa amenuna, akauliza muuaji je, mbona hakuna anayemuuliza. Ikaonekana kweli hakuna aliyewaza, hata Shamsa. Wakaanza kubishana: yuko peke yake kisiwani, hana chombo, hana kisima, na maji yakipwa akivuka kurudi atakamatwa. Bi Zakiya alisema siku tatu hafiki. Yusuf alisema nne, akinywa umande. Wakamgeukia Shamsa aamue, naye akaomba aongezewe papa.