Mgonjwa Bora wa Karak

Jumatatu asubuhi Abu Ratib alivua viatu, akapanda mizani ya kliniki ya moyo mjini Karak, akasimama wima kama mtu anayevikwa nishani. Uzito ulikuwa ule ule.

Nesi Ibtihal akamuuliza maswali anayowauliza wagonjwa wote ambao mioyo yao imechoka kusukuma damu, ili kupima wanavyojitunza.

"Unajipima uzito kila siku?"

"Kabla hata ya chai."

"Miguu unaikagua kama imevimba?"

"Kama mnunuzi anavyokagua kondoo."

"Na chumvi, ami?"

"Nyumbani kwangu chumvi haivuki kizingiti."

Alisema kweli. Chumvi aliila kwa watu. Abu Ratib alikuwa mkuu wa posa. Ukoo ukitaka mchumba, yeye ndiye aliyetangulia na wazee, akaweka kikombe cha kahawa mbele yake bila kukigusa mpaka wenye binti waseme ndiyo. Baada ya ndiyo huja sinia la mansafu, wali na kondoo aliyepikwa kwa mtindi uliokaushwa kwa chumvi, na mkuu wa posa asiyekula ameitukana nyumba nzima. Abu Ratib hakuwahi kumtukana mtu.

Nesi akambonyeza kifundo cha mguu. Kikavu. Akamgeukia Umm Ratib, mkewe, aliyeketi kwenye benchi, akambonyeza naye. Kidole kilizama, shimo likabaki. Ndivyo ilivyokuwa tangu bwana augue: akila yeye, maji humjaa mkewe. Daktari alishausikiliza moyo wa Umm Ratib, akaukuta mzima, akamwita mgonjwa anayefuata.

"Ami, karamu za mwezi huu ziache," alisema nesi. "Mama apate pumzi ya kupanda ngazi."

Binti yao aliyeolewa mji wa Zarqa alikuwa karibu kujifungua, naye alikaa ghorofa ya nne isiyo na lifti.

"Posa ya Alhamisi nimeshaikubali. Niwaambie mkuu wao siku hizi anakula matango?"

"Mama, mwambie wewe basi."

"Nimwambie nini, mwanangu?" alisema Umm Ratib. "Waume wa wenzangu huitwa kupanga viti. Wangu huitwa kuposa."

Nesi akajumlisha majibu. Miguu ya mke haikuwa na swali lake kwenye fomu. Abu Ratib aliwapita wagonjwa wote kwa alama, akaombwa awafundishe wenzake namna ya kujitunza. Akawaambia wazee waliokuwa wakingoja zamu kwamba ni nidhamu tu, hakuna dawa nyingine.

Alhamisi Umm Ratib alimpigia binti yake simu, akamwambia asimngoje. Kisha akampigia mumewe koti pasi, akamsindikiza hadi mlangoni, akatazama magari ya wazee yakilipisha la kwake litangulie. Akarudi barazani kumenya vitunguu na jirani yake, Fawziya.

Baada ya sala ya alasiri akaacha kumenya, akauegemeza mgongo kwenye mto. Pumzi ilikuwa imeanza kumkata.

"Tayari?" aliuliza Fawziya.

Umm Ratib aliitazama miguu yake ikijaa taratibu, mpaka ukanda wa ndara moja ukakatika. Akatabasamu.

"Wamekubaliwa," alisema. "Piga wewe vigelegele, shoga. Mimi pumzi sina."