Mkwe wa Desibeli Mia na Mbili

Bi Mkunga alikuwa na masikio ambayo mtaa mzima uliyaogopa. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amezalisha, na siku zote hizo aliweka kipembe cha mbao juu ya tumbo la mama mjamzito, akainamisha kichwa, akasikiliza kimoyo kikidunda huko ndani. Alipostaafu, masikio hayakustaafu naye. Ukimsema vibaya nyumba ya tatu kutoka kwake, kesho yake salamu utakayopewa itakuwa fupi.

Kwa hiyo uwanja wa drifti ulipofunguliwa nyuma ya ukuta wa mtaa wao, hakuna aliyeuliza nani apeleke malalamiko. Drifti, kwa asiyeijua, ni mashindano ya magari yasiyotaka kwenda mbele kama magari ya watu wazima. Gari linakwenda ubavu ubavu, matairi yanatoa moshi, na mshindi si aliyewahi kufika bali aliyeteleza vizuri. Bi Mkunga alisema hata walevi wanatembea hivyo na hajasikia wakipewa kikombe.

Mwishowe wakazi na uwanja wakapatana, na karatasi ikaandikwa. Gari likizidi desibeli mia za kelele kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, linarudi nyumbani siku hiyo. Likizidi mara tatu, limefungiwa mwaka mzima. Moshi wa matairi ruksa, moshi wa bomba marufuku. Na mashine ya kupimia kelele itashikwa na mwakilishi wa wakazi, maana fisi hakabidhiwi bucha. Mwakilishi akawa nani tena kama si Bi Mkunga.

Tatizo lilikuwa moja tu. Gari lililopiga kelele kuliko yote lilikuwa la mkwewe.

Mkwe huyo, mume wa kitinda mimba wake, alikuwa fundi wa ekzosi, mtu mpole ambaye akikohoa anaomba radhi. Uwanjani walimwita Pembetatu kwa sababu ya injini yake ya rotari. Injini hiyo haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vya pembetatu vinavyozunguka, na hewa chafu hutoka ya moto mno na kwa kishindo. Ikitulia inasema brap, brap, brap. Ikikanyagwa inalia mpaka meno yanawasha. Kwa ajili ya joto hilo bomba lake halikwenda mpaka nyuma kama ya wenzake. Lilitokea ubavuni, karibu na tairi la nyuma.

Mara mbili Bi Mkunga alikuwa amempima, mara mbili mashine ikasoma mia na tatu, na mara mbili akatia sahihi mkwe arudishwe nyumbani. Binti yake hakugombana naye. Laiti angegombana. Alianza kumwamkia kwa adabu nyingi kupita kiasi, shikamoo mama, umeamkaje mama, kisha kimya. Zile Jumapili za kuja kukaa jikoni na kupiga soga zikaisha bila kutangazwa. Bi Mkunga aliishi peke yake, na jambo hilo lilimuuma.

Leo ilikuwa zamu ya tatu. Mkwe akizidi, mwaka umemwishia hapo. Bi Mkunga aliamka akiomba apite, na papo hapo akala yamini kwamba hatampendelea hata kwa nusu desibeli. Jirani yake, mshona mapazia, alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba damu ni nzito kuliko maji, kana kwamba hajui kuwa mkwe si damu.

Mahali pa kupimia palikuwa ubavuni mwa kibanda cha bati, pale kinapokutana na ukuta wa mtaa. Bi Mkunga alipachagua mwenyewe siku ya kwanza kwa sababu pana kivuli. Magari yaliingia moja moja, pua ukutani, ubavu karibu ugusane na kibanda. Mengine aliyapima kwa nyuma, uwanja mtupu mgongoni mwake, yakapita. Zamu ya Pembetatu ilipofika, ilimbidi ajibane kati ya gari na bati, paa likiwa juu ya kichwa chake.

"Shikamoo mama," mkwe alisema kutoka dirishani, helmeti mapajani.

"Marahaba baba. Umebadilisha nini?"

"Nimeongeza sailensa ya pili, mama. Na ile ya kwanza nimeishindilia pamba mpya isiyoungua."

Binti yake alikuwa amesimama pembeni na spana ya matairi mkononi. Akaamkia. Akanyamaza.

Bi Mkunga alinyoosha mashine nusu mita kutoka kwenye bomba, akapunga mkono. Injini ikapanda mpaka mizunguko elfu nne na mia tano, ikashikiliwa hapo. Masikio yake yalimwambia kwamba kelele imepungua kidogo. Mashine ikasema mia na mbili.

"Rudia," alisema.

Mkwe akarudia. Mia na mbili.

"Sawa mama," mkwe alisema, akazima. "Asante mama."

Asante ya nini, Bi Mkunga alijiuliza. Lakini mkwe alikuwa ameshashuka na kuanza kulisukuma gari kwa bega kwenda kulipakia kwenye tela, asije akamsumbua mama kwa kuliwasha tena. Hakulalamika, hakutazama nyuma. Bi Mkunga angependa atukane kidogo, walau apige teke tairi.

"Haki imetendeka, shoga," alisema mshona mapazia, akija na kiti chake cha kukunja. "Nilidhani utamficha chini ya mbawa. Nikasema leo mkunga atazalisha desibeli tisini." Akacheka. Ana kicheko ambacho wateja wake hukisikia kabla hawajafika dukani.

Mashine ilikuwa bado mkononi mwa Bi Mkunga, haijazimwa. Kicheko kilipopasuka, namba zikaruka mpaka tisini na moja. Akaziangalia tu, kwa mazoea. Wakatoka pamoja juani, na jirani, aliyependa mzaha wake mwenyewe, akaurudia na kucheka upya. Themanini na saba.

Bi Mkunga akasimama.

"Hebu cheka tena."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu."

Akacheka. Themanini na saba. Akamshika mkono, akamrudisha kwenye kona ya bati, akamwambia acheke tena, na yule akacheka huku akiwaza kwamba uzee umeanza kumwingia rafiki yake. Tisini na moja.

Bi Mkunga alijua kabla hajataka kujua. Wodi yake ya kwanza ilikuwa na paa la bati na kuta karibu karibu, na mtoto mmoja akilia mle ungeapa wamezaliwa mapacha. Alimwacha jirani amesimama, akamfuata binti yake kwenye tela.

"Ile karatasi ya masharti unayo?"

Binti akaitoa kwenye boksi la spana, akaigeuza, akampa. Miaka miwili Bi Mkunga alikuwa na nakala yake, imekunjwa vizuri ndani ya mkoba, na hakuwahi kuitazama upande wa pili. Kulikuwa na mchoro: gari, mtu aliyeshika mashine, na duara la mita tatu kuwazunguka. Ndani ya duara hapakuwa na ukuta, wala kibanda, wala paa.

"Mumeo anajua hili?"

"Tangu mara ya kwanza. Karakana tunapima nje, mahali pa wazi. Hata kabla ya sailensa ya pili halikuzidi mia, na sasa linasoma tisini na tisa."

"Na akanyamaza?"

"Ulitaka aseme nini, mama?" Hayo yalikuwa maneno yake mengi zaidi katika miezi mitatu. "Mama mkwe, umesimama pabaya? Mbele ya mtaa mzima? Nilitaka kukwambia mimi. Akasema nikifungua mdomo analiuza gari. Akasema atatengeneza sailensa mpaka lipite hapo hapo ulipo."

Bi Mkunga alikaa juu ya tairi. Huko nyuma ya tela mkwe alikuwa anafunga mikanda, bila sauti. Mwanamume mzima ameshinda usiku na mchana anashindilia pamba kwenye mabomba ili mama mkwe asiaibike. Aliona haya mpaka masikio yale maarufu yakapata moto. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na yeye alikuwa amerudia mara tatu, na mara mbili sahihi yake iko chini.

Njia nyepesi ilikuwepo, na aliiona vizuri. Angeweza kusema mashine ilikuwa na betri dhaifu, arudie nje, mkwe apite, basi. Nani angejua? Lakini wakunga wanafunzi aliowafundisha aliwaambia kila mwaka kwamba kosa lisiloandikwa kwenye faili litampata mgonjwa wa kesho. Ingekuwa ajabu sasa ionekane kumbe alikuwa anawafundisha wao tu.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi wa uwanja, akakiomba kipaza sauti.

"Jamani, ni mimi Bi Mkunga," alisema, na uwanja mzima ukageuka. "Lile gari la rotari nililipima vibaya. Leo, na zile mara mbili. Nilisimama kwenye kona ya bati, kelele zikawa zinanirudia. Karatasi imekataza na mimi sikuisoma. Kosa ni langu, si la gari wala la mwenye gari."

"Si ndiyo nilisema!" Mshona mapazia alikuwa amenyanyuka na kiti chake. "Akishindwa mkwe, kosa la bati. Mbona hukuliona bati tangu mwanzo?"

"Nyani haoni kundule," Bi Mkunga alimjibu. "Njoo upime wewe."

Gari likashushwa, likasukumwa katikati ya uwanja, mahali ambapo hata kivuli hapana. Mshona mapazia alinyoosha mkono, uso ameukunja. Injini ikapanda, ikashikiliwa. Akaitazama mashine, akaigonga gonga, akataka irudiwe. Ikarudiwa.

"Tisini na tisa," alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Bi Mkunga akaomba daftari la msimamizi, akazikata sahihi zake mbili kwa mstari mmoja mmoja, akaandika pembeni: nilikosea mimi. Kisha akampa jirani yake ile mashine. "Shika wewe kuanzia leo. Na ugeuze karatasi." Ilimuuma kuitoa, maana alijivunia ile mashine kuliko alivyowahi kukiri. Akaenda mpaka kwenye dirisha la gari.

"Baba, nimekukosea."

"Hapana mama," mkwe alisema haraka. "Ni kile kibanda. Kibanda ndicho kili..."

"Kibanda hakikutia sahihi. Siku nyingine nikisimama pabaya, uniambie."

"Sawa mama."

"Hutaniambia."

Mkwe akatazama usukani. "Sitaweza, mama."

Binti yake akacheka, ghafla, kile kicheko cha jikoni cha siku za Jumapili. Bi Mkunga hakugeuka. Aliogopa akigeuka atalia mbele ya jirani.

Mchana, kwa kuwa hakuwa na kazi tena, alitembea kwenda kuangalia hiyo drifti yenyewe, ambayo kwa miaka miwili alikuwa ameisikia tu. Kwenye uzio watu walikuwa wamejaa. Akapata uwazi mmoja mzuri usio na mtu, akashangaa kwa nini wameuacha, akasimama hapo mikono nyuma.

Brap, brap, brap. Gari la mkwewe lilikuwa linakuja taratibu kuelekea mstari wa kuanzia. Likasimama hatua kumi kutoka kwake. Wa nyuma yake wakaanza kupiga honi. Yeye hakupiga. Nani anampigia honi mama mkwe? Alizima injini, akashuka, akavua helmeti, akaja mpaka mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumeshaamkiana leo. Kuna nini?"

Mkwe aliikumbatia helmeti. Akatazama viatu vyake, akatazama honi zilikotoka, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo hakuna mashine ingeinasa, "umesimama pabaya."

Bi Mkunga akaangalia chini. Alikuwa katikati kabisa ya njia ya kutokea magari, mguu huku na mguu huku wa mstari mweupe.

"Nisogee wapi, mwanangu?" akauliza.

Mkwe akamwonyesha.