Mwenye Mchoro

Melania alikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Viatu vya plastiki alikuwa amevivua chini ya meza ili malengelenge yapate hewa. Alikuwa ametembea kutoka Ujiji hadi chuoni Bangwe bila kutia kitu tumboni tangu jana, na njaa ilishapita ile hatua ya kuuma, ikawa kimya. Mbele ya darasa Mwalimu Bonaventura alikuwa akibandika mchoro ukutani, mgongo wake mpana ukiuziba.

"Leo tunaanza hakimiliki," alisema bila kugeuka. "Ninyi mtakuwa wasanifu majengo. Mtu akikuibia baiskeli, utanunua nyingine. Akikuibia mchoro, amekuibia kichwa."

Darasa likacheka. Kisha akasogea pembeni.

Ulikuwa mchoro wa wodi ya wazazi. Melania aliutambua kabla hajausoma, kama mtu anavyoitambua sauti ya mdogo wake katikati ya soko. Paa lililoinuliwa juu ya kuta ili upepo wa ziwa upite. Baraza ndefu upande wa nyuma, mahali pa ndugu kupikia uji. Vipimo kwa wino mweusi, na kila saba imekatwa katikati kwa kimstari, kama masista wa Bujumbura walivyomfundisha. Chini pembeni, pale alipokuwa ameandika jina lake, palikuwa na mhuri wa Mwalimu Bonaventura.

"Huu ndio uliochaguliwa na wafadhili," alisema mwalimu. "Utajengwa hapahapa Bangwe. Haya, huu mchoro ni mali ya nani?"

"Mali yako, Mwalimu!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeuchora."

Mkono wa Melania ulinyanyuka kabla hajaupa ruhusa.

"Na mchoro wa mwanafunzi je, Mwalimu? Uliochorwa hapa darasani, kama zoezi tu?"

Bonaventura alimtazama. Akachukua kifutio, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Swali zuri. Sheria mpya iko wazi. Mwenye mchoro ni aliyeuchora, awe profesa, awe mwanafunzi. Njoo ofisini wakati wa mapumziko, nikuazime kitabu."

Ofisini hakukuwa na kitabu. Mwalimu alifunga mlango, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akamsogezea Melania kikombe. Mate yalimjaa mdomoni. Hakukigusa.

"Uliandikishwa hapa kwamba umezaliwa Mwandiga."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwandiga sehemu gani? Mama yangu ni wa huko."

"Karibu na kanisa."

"Kanisa lipi?"

Melania akainamisha macho kwenye kikombe.

"Nimesahihisha kazi za watoto wa huku tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema Bonaventura, akikoroga chai yake taratibu. "Saba zao nazijua. Na saba za ng'ambo ya mpaka nazijua pia. Kiha chako ni kizuri, sikatai. Kiha na Kirundi ni ndugu, nani angekugundua? Ni hizo saba zilizokuumbua."

"Mchoro ni wangu, Mwalimu. Wewe unajua."

"Najua," alijibu kwa wepesi, kama aliyeulizwa saa. "Sheria nayo inajua. Sasa nenda kashitaki. Kabla ya kuutazama mchoro, hakimu atakuuliza wewe ni nani, na umetoka kambini kwa kibali cha nani. Utamjibu nini?"

Nje kengele ilipigwa. Hakuna aliyesogea.

"Watu wa msako wanapita vyuoni," aliendelea. "Wameniuliza kama darasa langu lina mkimbizi. Nimewaambia hakuna. Niendelee kuwaambia hivyo?"

Melania aliitikia kwa kichwa.

"Basi kunywa chai, inapoa. Halafu mafundi wanataka mchoro wa kina wa lile paa. Ufanye mapema."

Jioni alimsimulia Bi Saumu, mjane wa Ujiji aliyempokea alipotoroka kambini. Bi Saumu alikuwa uani akichambua dagaa kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Huyo mwalimu ni mwizi," alisema. "Mwizi mwenye chaki. Lakini mwanangu, unamkumbuka Asia wa mtaa wa pili? Watu wa msako walipomkuta na mgeni ndani, mgeni alipandishwa lori, na yeye Asia wakampandisha. Mwenyeji kabisa, kitovu chake kimezikwa hapa Ujiji! Walimshikilia siku nyingi, hadi mwanawe akakimbilia kwa jirani kutafuta chakula." Akapuliza magamba. "Mchoro utachora mwingine. Mimi nyumba nyingine sina."

"Nimekuelewa, mama."

"Sikufukuzi."

"Najua, mama."

Melania akachora paa. Alilichora vizuri, maana hakujua kulichora vibaya, akampelekea mwalimu likiwa limekunjwa ndani ya gazeti.

Aliyeharibu ni Yona. Yona alikuwa mtoto wa mvuvi wa Bangwe, mrefu, mwenye mdomo usiojua kukaa na jambo. Meza yake ya kuchorea ilikuwa jirani na ya Melania. Katika kipindi kilichofuata, Bonaventura alipouliza msanifu afanye nini akiona mwenzake ameibiwa kazi, Yona alisimama.

"Aseme, Mwalimu. Ndivyo ulivyotufundisha."

"Sawasawa."

"Basi mimi nasema. Ule mchoro wa wodi aliuchora Melania. Nilikuwa pembeni yake. Wino ulipomwishia, nilimwazima wangu."

Darasa zima likageuka. Yona alimtazama Melania akitabasamu kidogo, kama mtu aliyembebea mwenzake mzigo mzito na sasa anangoja amtue.

Bonaventura hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa meza yake.

"Melania, simama. Mwenzako anasema mchoro ni wako. Sema ukweli, usiogope mtu. Ni wako?"

Dirishani lori lilikuwa likipanda mlima, gia zikilia. Melania alingoja lipite. Halikuwa na watu, lilikuwa limebeba mchanga.

"Si wangu," alisema.

"Mela!" Yona alipaza sauti. "Wewe, Mela!"

"Si wangu, Yona. Ulinifananisha."

Kamati ya maadili ya chuo ilikutana haraka. Yona alishitakiwa kumchafulia mwalimu jina, na shahidi aliyeitwa alikuwa mmoja tu. Melania alirudia maneno yale yale akitazama miguu ya meza. Yona hakujitetea tena, akafukuzwa chuo. Wakati anatoka, ubao wake wa kuchorea ukiwa kwapani, alisimama mbele ya Melania akamwuliza kwa sauti ya chini, "Nilikukosea nini?" Jibu lenyewe lingempandisha Bi Saumu lori, Melania akasogea kando kumpisha.

Masika yalipokwisha, kuta za wodi zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Mwalimu alilipeleka darasa kuona ujenzi. Yona alikuwepo, miongoni mwa vibarua wanaochanganya zege, suruali kaikunja, nywele zimekuwa za kijivu kwa saruji. Wenzake wa zamani walimpita wakijifanya wanatazama ziwa.

"Hapa juu litakaa paa," alisema Bonaventura. "Kwa nini limeinuliwa? Melania, waeleze wenzako."

Melania alitazama juu, kwenye uwazi. Alimwona akilini dada yake Regina kambini, mchana wa jua kali, akijifungua chini ya turubai la buluu. Alivyokuwa akiomba wamtoe nje apate hewa, na watu wakimwambia subiri, jua lipungue kidogo. Regina hakulifikia hilo jua la kupungua.

"Mwalimu alifikiria," Melania alianza, "alimfikiria mama anayejifungua mchana. Joto hupanda juu. Lisipopata pa kutokea..."

Alishusha macho kutoka kwenye uwazi.

"Endelea. Paza sauti, wa nyuma wasikie."

Koleo la Yona lilikuwa limesimama. Alikuwa akimtazama.

"Mwalimu akaona alifungulie njia," alisema Melania kwa sauti kubwa.

Wanafunzi wakainama, wakaandika. Msimamizi akapiga mluzi kwamba zege linaganda, na Yona akachota, akarusha.