Sahani Mbili za Jioni

Siku aliyokwama chini ya gari, Fundi Tangi hakupiga kelele. Alilala tu juu ya kipande cha boksi, tumbo limebanwa na bomba la moshi, spana bado iko mkononi, akiwasikiliza wenzake wakihangaika kutafuta jeki ya pili. Mwenye gari, mama mmoja mwenye haraka zake, aliinama akachungulia.

"Fundi, gari limekukalia, au wewe ndiye umelibeba?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata yeye alicheka, lakini kwa pua tu, maana tumboni hapakuwa na nafasi.

Jina la Tangi alipewa na wenzake zamani, akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Siku hiyo lilimuuma. Walipomvuta miguu akatoka, alikaa juu ya tairi kuukuu akihema, na akaona wazi kwamba tatizo halikuwa tumbo peke yake. Magoti yalilalamika kila akiinuka. Ngazi za nyumbani alizipanda kwa awamu. Na uchovu ulikuwa umemganda, ule uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Mkewe ndiye aliyemburuta mpaka zahanati. Watu walimwita Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walikuwa wameshakua na wako shule ya bweni. Yeye alifanya kazi katika nyumba ya wageni, kufua na kupiga pasi mashuka kutwa nzima, na kwa wembamba wake alipokaa kando ya mumewe walikuwa kama mwiko na chungu.

Nesi alimpima Tangi, akaandika, akavua miwani.

"Sikwambii uache kula," alisema. "Kwa sasa nataka ujue tu unakula nini. Kila kinachopita mdomoni kiandikwe. Hata ukionja. Hata ukimalizia cha mwenzio."

"Mikono yangu ina grisi tangu asubuhi, sista. Nitaandikaje?"

"Nitamwandikia mimi," Mama Pacha akadakia.

Ikawa hivyo. Kila jioni baada ya chakula, mkewe alifuta meza, akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma ya kurasa zake.

"Asubuhi?"

"Chai na mkate."

"Sukari?"

"Kidogo."

"Kidogo cha watu au kidogo cha Baba Pacha?"

"Aa, andika nyingi basi."

Aliyataja yote, mandazi ya saa nne, soda aliyonunuliwa na mteja, karanga za kutafuna huku akingoja oili ichuruzike. Sahani moja tu hakuitaja.

Kila alipotoka gereji, kabla ya kwenda kwake, Tangi alipitia kwa mama yake. Bibi huyo aliishi peke yake katika chumba kimoja na kibaraza, na tangu mumewe afariki alishindwa kula bila mtu. Alipika, akapakua, kisha akakaa akikitazama chakula kama mtu anayesubiri kuruhusiwa. "Kula, mwanangu, nami nitakula." Tangi akila, naye alikula. Tangi akiweka kijiko chini, naye aliweka. Siku moja Tangi alijaribu kusema ameshiba. Asubuhi yake jirani alikikuta chakula chote kimechacha chini ya kawa. Kuanzia hapo Tangi akawa anakula. Sahani ya wali iliyojaa mpaka juu, maharage, na ukoko wa kuondokea. Kisha alikokota miguu hadi nyumbani, akaketi mbele ya sahani ya pili na uso wa mtu mwenye njaa.

Angemwambia mkewe, lakini pale palikuwa na kidonda. Baada ya msiba, Mama Pacha alimwomba mkwewe ahamie kwao, akamwandalia chumba, akampikia. Bibi alikaa siku chache, hakugusa chakula ila kwa kudonoa, msiba ukiwa bado mbichi, kisha akafunga mizigo yake na kurudi kwake. "Chakula changu kilimshinda," Mama Pacha alisema mara moja tu, na hakulizungumza tena. Wawili hao waliamkiana kwenye harusi na misiba, basi.

Majuma yakapita. Waliporudi zahanati, mizani ilionyesha kwamba Tangi ameongezeka.

"Haiwezekani," Mama Pacha alisema. "Mimi ndiye ninayempakulia."

"Tazameni tena," nesi alijibu, akamtazama Tangi zaidi kuliko ile kalenda.

Mama Pacha akazidi kukaza. Akapunguza mafuta, akapunguza wali, sahani ya mumewe ikabaki na nafasi ya kutosha kuegesha gari. Jioni moja Tangi alifika chakula cha mama yake kikiwa bado kimemjaa hadi kooni, akakuta mezani sahani mbili zinazofanana: yai la kuchemsha, kabichi, kipande cha mkate. Mkewe alikula taratibu, akaifuta sahani kwa mkate, akanywa maji. Alipoinuka kuchukua kalenda na kalamu, alishika kwanza ukingo wa meza.

"Unaumwa?"

"Njaa tu. Nitazoea."

"Wewe unafunga kwa nini? Huna hata cha kupunguza."

"Nilijiambia hili tutalibeba wote." Hakuinua macho. "Nikijipakulia nyingi mbele yako, si nitakuwa nakutesa? Haya, mchana ulikula nini?"

Tangi alimtazama mashavuni, namna yalivyoanza kubonyea. Akakumbuka mashuka yote ambayo mikono ile ilikuwa imeyanyoosha siku hiyo.

"Andika sahani ya wali," alisema. "Imejaa. Na maharage. Kwa Mama."

"Leo ulipita kwa Mama?"

"Kila siku."

Kalamu ikalala mezani. Mkewe hakupaza sauti, na Tangi aliona heri angepaza.

"Kwa hiyo mimi nashinda na njaa, wewe umeshiba."

"Nisamehe. Mama hali chakula bila mimi. Nikikwambia, nilijua utaona chakula chako ndicho alichokikataa. Na nikimwambia yeye kwamba kwangu nimepikiwa, atanifukuza niwahi, halafu alale hivyohivyo."

"Ukaona bora upasuke."

Siku nyingine wangecheka. Mama Pacha aliinuka, akakaanga mayai, akayala akiwa amesimama jikoni, amempa mgongo. Tangi alibaki mezani na sahani yake, akiona aibu kuimaliza na aibu kuiacha.

Kesho yake, gereji inafungwa, akamwona mkewe amesimama getini na mkoba wake wa kazini. "Twende kwa Mama," akasema, akatangulia.

Bibi alipomwona mkwewe mlangoni, alishika kifua. "Kuna msiba?"

"Shikamoo, Mama. Hakuna msiba. Nina njaa."

Bibi alimtazama juu mpaka chini, kisha akaenda kuongeza sahani. Ya mwanawe alianza kuijaza kama kawaida, mlima juu ya mlima, mpaka Mama Pacha akauzuia mwiko kwa upole.

"Inatosha, Mama. Alikwama chini ya gari kwa sababu ya tumbo. Tuko zahanati kila mwezi."

"Alikwama? Na mimi sijaambiwa?" Bibi alimgeukia mwanawe. "Mimi nilidhani kwako hupikiwi! Kila siku unakula hapa kama mtu aliyetoka kifungoni. Nikasema, masikini mwanangu, ngoja nimwongezee."

Mama Pacha akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika, na Tangi hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoona kwamba ni vyote viwili.

Mambo hayakunyooka siku ile. Bibi alikula vijiko vichache, akasema mgeni amemtia haya. Jioni nyingine Mama Pacha alichoka mno, akashindwa kuja. Lakini alipokuja alijaza sahani yake, akala bila haya, na pole pole bibi akaanza kula akimtazama yeye, wakibishana kuhusu chumvi. Tangi alipewa nusu, na nyumbani hapakuwa na sahani nyingine. Mara mbili tatu mama yake alimtupia kijiko cha wizi. Alikila, na kikaandikwa.

Mizani iliposhuka, ilishuka kidogo sana, nesi akalazimika kuinama ili aisome.

"Umepungua."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuanzia."

Tangi hakuhisi wepesi wowote. Magoti yaliuma vilevile, na siku za kazi zilikuwa ndefu vilevile. Ila Jumatatu moja, akitoka gereji, tumbo lilinguruma mpaka akasimama. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifika kwa mama yake na njaa ya kweli. Alisimama pale barabarani kidogo, amechoka, mkono juu ya tumbo, kisha akaendelea kutembea kwenda kwa mama yake.